Picha za Usiku: Kuandika kwa Mwanga

Jioni, chakula kinapopikwa, labda umewahi kuchomoa kijinga mekoni ukakizungusha hewani gizani. Bila shaka bibi au mama alikukemea, naye alikuwa na haki, maana cheche moja yatosha kuteketeza zizi na nyumba. Hata hivyo, kabla hujakemewa uliona jambo la ajabu. Kaa lililokuwa nukta moja nyekundu lilivuta nyuma yake mkia wa mwanga. Ulipozungusha mkono upesi zaidi, mkia ulirefuka, ukapinda, ukakaribia kuwa duara.

Je, mkia ule ulikuwako kweli hewani? Fikiri kidogo. Kaa ni moja tu. Kwa wakati wowote ule liko mahali pamoja. Haliwezi kuwa juu na chini kwa mara moja. Basi mkia haukuwa hewani. Ulikuwa ndani ya jicho lako.

Jicho husahau upesi

Nyuma ya jicho, kwa ndani, kuna utando uitwao retina. Mwanga unapoangukia utando huo, sisi huona. Mwanga ukiondoka, kile tulichokiona hakifutiki papo hapo, bali hudumu kwa muda mfupi sana, takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ndiyo sababu kaa linapohama, jicho huendelea kuliona pale lilipokuwa, na papo hapo huliona pale lilipofika. Jicho huunganisha sehemu zile zote, zikawa mstari.

Jaribio la 1

Ukitaka kulithibitisha jambo hili, tumia tochi ndogo, wala usitumie kijinga. Funika kioo cha tochi kwa karatasi nyeupe ili mwanga wake usiumize macho. Ingieni wawili katika chumba chenye giza. Mwenzako asimame hatua tano mbele yako, aielekeze tochi kwako, kisha aizungushe polepole, mzunguko mmoja kwa kila sekunde. Utaona mkia mfupi, kadiri ya sehemu moja ya kumi ya duara. Aongeze mwendo hadi afikie mizunguko mitano kwa sekunde. Sasa mkia utafika nusu ya duara.

Mwambie aandike herufi A hewani. Huwezi kuiona A nzima. Anapochora mguu wa pili wa herufi hiyo, mguu wa kwanza umekwisha kufutika jichoni mwako.

Hapo ndipo jicho linaposhindwa. Tuseme jicho lingeweza kukumbuka kwa nusu dakika nzima. Mwenzako angeliandika jina lote hewani, nawe ungelisoma kama lililoandikwa ubaoni kwa chaki. Jicho la namna hiyo hana mtu wala mnyama. Lakini chombo cha namna hiyo kipo, nacho ni kamera.

Ndoo isiyovuja

Kamera ni sanduku lenye giza ndani. Mbele pana lenzi. Nyuma, katika kamera za zamani, pana filamu; katika kamera na simu za siku hizi, pana kidude cha umeme kinachopokea mwanga badala ya filamu. Kati ya lenzi na filamu pana kilango ambacho hufunguka na kufungwa. Katika simu kilango hicho si cha bati, bali umeme wenyewe hufanya kazi yake. Wakati wa jua kali, kilango hufunguka kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde, au pungufu ya hapo. Muda huo ni mfupi kuliko kupepesa jicho.

Je, usiku itakuwaje, wakati mwanga ni haba?

Katika nchi kavu kama ya Ugogo, mvua inaponyesha kila bati huwa na ndoo chini yake. Mvua kubwa huijaza ndoo kwa dakika chache. Manyunyu nayo huijaza, ila yataka muda wa saa nyingi. Ndoo haijali kama maji yalikuja kwa kishindo au kwa tone moja moja. Kila tone lililoingia limo, na tone linalofuata huongezwa juu ya lile la kwanza. Kamera ni ndoo ya mwanga. Kilango kikiachwa wazi, kila mwanga unaoingia huongezwa juu ya ule uliotangulia. Jicho nalo ni ndoo iliyotoboka: hupokea na kumwaga, hupokea na kumwaga.

Tuifanyie jambo hili hesabu. Mwanga wa mwezi mpevu ni hafifu kuliko mwanga wa jua kiasi cha mara 400,000 hivi. Ikiwa picha ya mlima wakati wa jua yahitaji sehemu moja ya 125 ya sekunde, basi picha ya mlima ule ule kwa mwanga wa mwezi itahitaji muda ulio mrefu mara 400,000. Tukigawanya 400,000 kwa 125 tunapata sekunde 3,200, yaani dakika 53 na sekunde 20.

Huo ni muda mrefu. Lakini kumbuka kwamba ndoo yenye mdomo mpana hujaa upesi kuliko chupa. Lenzi nayo ina mdomo, ambao katika kamera nyingi waweza kupanuliwa. Upana wa tundu la lenzi ukiongezwa mara mbili, mwanga unaoingia huongezeka mara nne, kwa sababu eneo la duara hukua mara nne upana wake ukikua mara mbili. Hivyo sekunde 3,200 zitapungua hadi 800. Panua tena mara mbili, zitabaki 200, yaani dakika tatu na sekunde 20. Mpiga picha aweza kusubiri muda huo bila kuchoka.

Katika dakika hizo tatu kamera isitikisike hata kidogo. Kama ndoo ya mwanga hukumbuka kila kitu, itakumbuka pia mtikisiko wa mkono wako, na mlima utaonekana kama umefutwafutwa kwa kitambaa. Ndiyo maana kamera huwekwa juu ya kiweko cha miguu mitatu. Asiye na kiweko aweza kuiegemeza simu juu ya mfuko wa mchanga au tofali mbili, na kuiagiza isubiri sekunde kumi kabla ya kupiga, ili kidole kiwe kimekwisha kuondoka.

Picha za kwanza kabisa duniani zilipigwa kwa muda mrefu, si kwa kupenda bali kwa sababu dawa za wakati ule zilikuwa goigoi. Mnamo mwaka 1838, Mfaransa aitwaye Louis Daguerre alipiga picha ya barabara moja kubwa ya jiji la Paris kutoka dirishani. Barabara ilijaa watu na magari ya farasi, lakini katika picha hakuna hata gari moja. Kilango kilikuwa wazi kwa dakika kadhaa, na kila gari lilipita bila kukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama. Mtu anayeonekana vizuri ni mmoja, aliyesimama pembeni akisafishwa viatu. Huenda hakujua kabisa kwamba anapigwa picha. Wanahistoria wengi humtaja kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuonekana katika picha ya kamera, na sababu ni kwamba alikuwa na viatu vichafu.

Sheria mbili hutokea hapa. Kitu kinachohama bila mwanga wake chenyewe hupotea katika picha ya muda mrefu. Kitu kinachohama hali kikiwaka huacha mstari. Shika sheria hizi mbili, maana jaribio lifuatalo lazitegemea.

Herufi kumi na moja

Kazi hii yataka mahali penye giza la kweli. Katika jiji kama Dar es Salaam taa za barabarani ni nyingi, na ndoo ya mwanga hujaa mwanga wa taa kabla hujaandika lolote; mbingu hutokea nyeupe kama maji ya chokaa. Vijijini ni rahisi zaidi. Tuchukue mfano wa Kilimatinde, katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Mji huu mdogo wa kale, ambao Wajerumani walijenga boma lao hapo wakati wa utawala wao, uko kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Upande wa mashariki nchi huteremka ghafula hadi kwenye tambarare ya Bahi. Ukisimama huko juu usiku usio na mwezi, taa za kijiji cha mbali huonekana kama mbegu chache zilizodondoka sakafuni.

Jaribio la 2

Mwalimu au mzazi mwenye simu au kamera ndiye ataongoza. Tumieni uwanja wa shule, wala msiende ukingoni mwa mteremko, kwa maana gizani mguu hauoni. Kabla ya giza kuingia, kagueni uwanja na kuondoa mawe na miiba, na kila mmoja avae viatu kwa ajili ya nge na nyoka. Wapiga picha wengine huchoma nyuzi za chuma za kusugulia sufuria na kuzizungusha ili cheche ziruke. Sisi hatutafanya hivyo kamwe. Kuanzia Julai hadi Oktoba nyasi za Manyoni ni kavu kama karatasi.

Jina KILIMATINDE lina herufi 11. Wachaguliwe wanafunzi 11, nao wasimame katika mstari wakiikabili kamera, hatua mbili baina ya mmoja na mwenzake. Kamera iwekwe umbali wa hatua thelathini. Kila mmoja apewe herufi yake. Wote wavae nguo za rangi nzito. Kilango kinapofunguliwa, mwalimu aseme "Andika!" Hapo kila mwanafunzi awashe tochi, aielekeze kwenye kamera, na kuchora herufi yake kwa ukubwa wote wa mkono. Herufi yenye sehemu zisizoungana kwa mfululizo, kama K, yataka tochi ifunikwe kwa kiganja wakati mkono unapohama. Akimaliza, azime na kutulia.

Kama hamna tochi kumi na moja, msisikitike. Tochi moja yatosha. Mwenye K aandike, aizime, ampe mwenye I, naye ampe mwenye L, hivyo hivyo hadi mwisho. Ndoo haiulizi kama matone yalitoka katika wingu moja au mawingu kumi na moja. Tukisema kila herufi yahitaji sekunde 4, na kupokezana tochi kwahitaji sekunde 3, basi herufi 11 zitachukua sekunde 44, na kupokezana mara 10 kutachukua sekunde 30. Jumla ni sekunde 74. Simu nyingi haziwezi kuacha kilango wazi zaidi ya sekunde 30, kwa hiyo wenye simu watafute tochi tatu au nne, zipokezane pande mbalimbali za mstari kwa wakati mmoja.

Picha ya kwanza itawachekesha. Wanafunzi wote wametoweka, hayupo hata mmoja, na hewani zinaelea herufi peke yake. Lakini jina halisomeki! Ikiwa mlijipanga kwa kuhesabu kutoka kushoto kwenu, kamera imeliona kutoka upande wa pili: E imekuja kwanza na K imekuwa ya mwisho. Tena K, L, N, D na E zimegeuka, kama zinavyogeuka maandishi katika kioo. Kushoto kwa mtu anayeitazama kamera ni kulia kwa kamera. Ni jambo dogo, lakini watu wazima nao hulisahau.

Basi mwenye K ahamie mwisho wa mstari upande wa kulia kwa wanafunzi, na wengine wafuate. Kisha wale wenye K, L, N, D na E wajifunze kuandika herufi zao kinyume, kwanza kwa kidole mchangani, kisha hewani. Wenye I tatu, M, A na T hawana kazi mpya, kwa sababu herufi zao ni sawa kushoto na kulia. Ni kweli kwamba simu yaweza kuigeuza picha baadaye kwa kubonyeza mahali pamoja tu. Lakini mwanafunzi aliyekwisha kuandika K kinyume gizani, ameelewa kioo kuliko aliyebonyeza.

Rudieni jaribio, na safari hii mmoja wenu asimame pembeni bila kuandika. Mtu mwingine ammulike usoni kwa sekunde moja tu, kisha yule aondoke taratibu gizani huku kilango kikiwa bado wazi. Katika picha uso wake utaonekana, lakini hafifu, na ukitazama vizuri utaona ukuta au nyota kupitia mwili wake, kama kwamba mwili ni moshi. Sababu si ngumu. Kwa sekunde moja kamera ilipokea mwanga wa uso. Kwa muda uliobaki ilipokea mwanga wa vitu vilivyokuwa nyuma yake. Vyote viwili vimeongezwa pamoja.

Jambo hili lina maana kubwa kuliko mchezo. Tangu karne ya 19 wamekuwako watu wanaouza picha za namna hii na kudai kuwa ni za mizimu au za watu waliokufa, na wengi waliofiwa wametoa fedha zao. Picha hupita upesi siku hizi kutoka simu hadi simu, na udanganyifu hupita pamoja nazo. Ukionyeshwa picha ya mtu mwenye mwili kama moshi, uliza kwanza: kilango kilikuwa wazi kwa muda gani?

Mbuyu ambao hakuna aliyeuona

Mpaka hapa tochi imeelekezwa kwenye kamera. Sasa tuigeuzie upande mwingine. Chagueni mbuyu mmoja ulio karibu na shule, kwani mibuyu si adimu katika sehemu hizi. Kamera ielekezwe kwake gizani, kilango kiachwe wazi kwa sekunde 30. Mwanafunzi mmoja asimame kando ya kamera na kuupaka mti mwanga, kama fundi apakavyo chokaa ukutani: aanze chini ya shina, apande polepole, afuate kila tawi hadi ncha, asirudie mahali pamoja mara nyingi. Tochi ndogo humulika sehemu ndogo tu, labda upana wa mlango. Wanaotazama huona kipande cha gome, kisha giza. Tawi moja, kisha giza.

Lakini katika picha mbuyu wote umesimama, umeng'aa toka mizizi hadi vitawi, na nyuma yake kuna nyota. Kati ya wote waliokuwapo usiku ule, hakuna aliyeuona mbuyu huo mzima. Kila mmoja aliona vipande, akavisahau. Kamera pekee ndiyo iliyovikusanya.

Ukifunga karatasi ya pipi yenye rangi nyekundu mbele ya tochi, shina litakuwa jekundu. Wapo wanaopenda kutumia rangi nyingi. Mimi naona mbuyu hupendeza zaidi kwa rangi yake wenyewe, lakini jaribuni.

Njia nyingine ya kupiga picha usiku ni kutumia mwanga mkali mno kwa muda mfupi mno, yaani mvua kubwa badala ya manyunyu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani aitwaye Carl Georg Schillings alitumia njia hiyo katika nchi yetu, hasa sehemu za kaskazini karibu na Kilimanjaro. Alichoma unga wa madini ya magnesiamu, ambao huwaka ghafula kwa mwanga mweupe. Alitega uzi, na simba au fisi alipougusa, unga uliwaka na kilango kikafunguka kwa wakati ule ule. Mnyama alijipiga picha mwenyewe. Picha zake alizichapisha katika kitabu nchini Ujerumani, na watu wa Ulaya wakaona kwa mara ya kwanza jinsi simba wa Afrika anavyotembea usiku. Hata hivyo mlipuko ule ulimgutusha kila mnyama aliye karibu. Njia yetu haimgutushi hata panzi.

Taa katika mikono ya wafanyakazi

Kuna watu walioitumia kamera ya kilango wazi ili wapate ujuzi ambao jicho haliwezi kuupata. Mwaka 1889 huko Paris, Étienne-Jules Marey na msaidizi wake Georges Demenÿ walifunga taa ndogo za umeme kwenye mwili wa mtu, wakamwacha atembee gizani mbele ya kamera. Kila taa iliacha mstari wake. Mtu mzima wa afya huacha mistari inayopanda na kushuka sawasawa. Mgonjwa wa miguu huacha mistari iliyopindika. Kwa njia hiyo waliweza kuchunguza mwendo wa wagonjwa.

Katika miaka ya 1910 huko Marekani, Frank Gilbreth na mkewe Lillian walifunga taa ndogo kwenye vidole vya wafanyakazi wa viwandani. Frank mwenyewe alianza maisha kama mwashi, na alikuwa amekwisha kutambua kwamba waashi wengi huinama na kugeuka mara nyingi bila sababu kwa kila tofali wanalolaza. Picha zao zilionyesha mikono ikizungukazunguka bure kabla ya kufika inakokwenda. Walichukua waya, wakaupinda kwa kuufuata mstari uliomo katika picha, wakawapa wafanyakazi wautazame. Mtu aliweza kuushika mkononi mwendo wa mkono wake mwenyewe.

Akina Gilbreth walifanya jambo jingine la werevu: waliifanya taa iwake na kuzimika kwa vipindi vilivyo sawa. Hivyo mstari haukuwa mmoja bali vipande vipande. Pale mkono ulipokwenda upesi, vipande vilikuwa mbalimbali. Pale ulipokawia, vilikaribiana. Picha moja ikawa na njia na saa yake pamoja.

Nanyi mwaweza kupima mwendo hivyo hivyo. Mfunge taa ya kuwaka na kuzimika kwenye baiskeli, na baiskeli ipite mbele ya kamera kutoka kushoto hadi kulia. Ikiwa taa huwaka mara 2 kwa kila sekunde, na baina ya mwanzo wa kipande kimoja na mwanzo wa kipande kinachofuata pana mita moja na nusu, basi baiskeli huenda mita 3 kwa sekunde. Umbali huo mtaupata mkiweka vijiti viwili uwanjani, mita kumi baina yao, na kuvimulika kidogo ili vionekane katika picha.

Nyota nazo huandika

Mwishoni mwa jaribio, kabla hamjarudi nyumbani, iacheni kamera peke yake, ikitazama mashariki juu ya tambarare ya Bahi. Kilango kiwe wazi kwa dakika 20. Kama simu haiwezi, ipo programu ya kuiwezesha kupiga picha nyingi fupi mfululizo na kuziongeza pamoja. Ndoo ndogo nyingi humiminwa katika pipa moja.

Katika picha nyota hazitakuwa nukta tena. Kila moja imechora mstari. Dunia yetu huzunguka mara moja, yaani nyuzi 360, kwa muda wa saa 24 hivi. Kwa saa moja ni nyuzi 15, na kwa dakika 20 ni nyuzi 5. Kwa hiyo kila mstari wa upande wa mashariki una urefu wa nyuzi 5 angani, kama upana wa vidole vitatu ukiunyoosha mkono wako. Nyota hazikuhama. Tuliohama ni sisi, pamoja na uwanja, mbuyu na kamera.

Watoto wa Ulaya wakipiga picha hii, mistari yao ya mashariki hulala mshazari, kwa sababu wanaishi mbali na ikweta. Kilimatinde iko karibu nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na kwa hiyo hapo nyota hupanda karibu wima, zikiegemea kidogo tu upande wa kaskazini. Zikipandiana hivyo juu ya tambarare yenye giza, huonekana kama nyuzi zilizotandwa na mfumaji. Katikati ya mwezi wa Novemba, jioni, mtaona humo kundi dogo la mistari iliyosongamana. Hiyo ni Kilimia, nyota ambazo wakulima wamezitazama tangu zamani ili wajue kwamba msimu wa kulima umekaribia.

Kisha igeuzeni kamera kusini. Huko mistari hupinda, kila mmoja ni kipande cha duara, na maduara yote yana kitovu kimoja kilicho chini sana, nyuzi 6 tu juu ya upeo wa macho. Hapo hakuna nyota angavu ya kumwongoza msafiri. Mtu aweza kutazama usiku kucha asijue kitovu kiko wapi. Picha yenu itakionyesha, na kilipo ndipo ilipo kusini halisi, bila dira.

Maswali

1. Picha ya nyumba kwa mwanga wa taa ya chemli ilihitaji sekunde 64. Upana wa tundu la lenzi ukiongezwa mara mbili, itahitaji sekunde ngapi? Ukiongezwa mara mbili tena?

2. Neno AMA likiandikwa hewani na mtu anayeikabili kamera, husomeka vizuri bila kugeuza lolote. Eleza kwa nini. Tafuta neno jingine la Kiswahili lenye sifa hiyo.

3. Gari lilipita barabarani usiku mbele ya kamera iliyoachwa wazi. Katika picha hakuna gari, ila mistari miwili meupe na mistari miwili myekundu. Eleza ni nini kilichotokea.

4. Kimulimuli huwaka na kuzimika arukapo. Chora jinsi unavyofikiri njia yake itakavyoonekana katika picha ya dakika moja. Je, ukiipata picha yenyewe, utajuaje mahali alipoongeza mwendo?

5. Waulize wazee wa kijijini kwenu Kilimia huitwaje kwa lugha yao, na kwamba zamani walianza kuitazama mwezi gani. Andika majibu yao katika daftari lako, kisha usiku wa leo toka nje ukaitafute.